Fidla Si Pambo

Toleo hili tumelitenga kwa wanawake wanaotunga muziki na kupiga ala. Katika kuliandaa nimesoma maandishi mengi ya wakosoaji, na jambo moja limenikera kuliko mengine. Bendi ya metali ikiwa na mwanamke mbele ya kipaza sauti, mwandishi huanza na habari hiyo, na mara nyingi huishia papo hapo. Tunaambiwa sauti yake ni nyororo. Hatuambiwi nani alitunga. Bendi ikiwa na fidla pia, fidla hutajwa kama marashi yaliyonyunyizwa juu ya nguo iliyokwisha kushonwa. Siyakubali mazoea haya, na shahidi wangu ni albamu moja: For This We Fought the Battle of Ages, iliyotolewa mwaka 2016 na SubRosa, bendi ya Salt Lake City katika jimbo la Utah, Marekani.

SubRosa ilianza mwaka 2005. Rebecca Vernon alipiga gitaa, akaimba, na ndiye aliyekuwa mtunzi mkuu. Sarah Pendleton na Kim Pack walipiga fidla za umeme na kuimba pamoja naye. Levi Hanna alishika besi, Andy Patterson ngoma. Wengi huiweka bendi hii kwenye tawi la metali linalokwenda taratibu na kwa uzito mkubwa. Ni kweli, lakini kwangu mimi albamu hii ni ya progresivu kwa namna ilivyojengwa. Ina nyimbo sita, na mbili kati yake, “Despair Is a Siege” na “Black Majesty”, kila mmoja unapita robo saa. Wimbo unaanza mahali, unasafiri, unatua, unanyanyuka tena, na unapofika mwisho umekwisha kuwa kitu kingine. Anayesubiri kiitikio cha kuimba pamoja na bendi atasubiri sana.

Mazoea ninayoyapinga yana historia yake. Katikati ya miaka ya 1990, Theatre of Tragedy wa Norway walikutanisha sauti mbili: mwanamume akinguruma, na Liv Kristine akiimba kwa upole. Mpango huo ulizaa kazi nzuri. Beyond the Veil ya Tristania, ya mwaka 1999, yenye fidla ya Pete Johansen, naipenda hadi leo. Lakini walioiga waliugeuza mpango kuwa kanuni: nguvu ni ya mwanamume na magitaa, ulaini ni wa mwanamke, na fidla imepangiwa upande wake ili imsaidie kulia. Bendi nyingine hazikuhitaji hata mpiga fidla; kibodi ilitosha kuiga sauti ya nyuzi.

Kwa SubRosa kanuni hiyo imevunjwa na ala yenyewe. Uzi wa gitaa ukishapigwa, sauti yake huanza kufa papo hapo. Amplifaya na mkwaruzo huchelewesha tu kifo hicho. Fidla haina shida hiyo. Maadamu mkono unavuta upinde, sauti ipo, na inaweza kukua badala ya kufifia. Pendleton na Pack wanalijua hili vizuri. Wanazipitisha fidla zao kwenye mkwaruzo ule ule wa gitaa, kisha wanashikilia noti mbili zilizokaribiana mpaka zinagombana na kutetemeka sikioni. Gitaa la Vernon limekaa chini kama msingi. Kishindo kinachokujaza kifua kwa sehemu kubwa ni cha fidla. Na Vernon hapambani nacho. Anaimba kwa utulivu, bila madaha ya opera, kama mtu anayetoa ushahidi na hana haja ya kupaza sauti.

Sikio la Kiswahili linaijua fidla kitambo. Ilikuwamo katika muziki ambao Siti binti Saad alikwenda kuurekodi Bombay mwaka 1928, na taarabu ya Unguja haijaiacha. Huko fidla humfuata mwimbaji, na akimaliza ubeti huupokea na kuujibu. Msomaji aliyelelewa na adabu hiyo atashtuka kidogo hapa, maana hakuna kupokezana. Fidla na sauti vinakwenda kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa njia yake, na inakubidi uvisikilize vyote.

Maneno ya albamu yametokana na riwaya ya Mrusi Yevgeny Zamyatin iitwayo Sisi. Aliiandika mwaka 1920 na 1921, ikatoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, na nchini mwake ikangoja hadi 1988. George Orwell aliihakiki mwaka 1946. Aliyesoma Shamba la Wanyama la Orwell huyo kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere hatakuwa mgeni katika ulimwengu wa Sisi. Ndani ya Jimbo Moja, dola ya riwaya hiyo, watu wanaitwa kwa namba, wanaishi katika nyumba za kioo, na muziki unatengenezwa na mashine: unazungusha mpini, unapata sonata tatu kwa saa. Katika hadhara moja, mwanamke aitwaye I-330 anaketishwa kwenye piano ya kale apige muziki wa Scriabin, ili watu wacheke upumbavu wa wahenga waliohitaji kuguswa na kitu kabla ya kutunga. Ukumbi unacheka. Msimulizi, mhandisi D-503, anaguswa na hajui la kufanya na hali hiyo.

Vernon alichagua kitabu hicho, na naona uchaguzi wa ala umekwenda sambamba nacho. Albamu kuhusu ulimwengu ambao muziki wake hautoki jasho isingeweza kusimama juu ya nyuzi za kuigizwa na kibodi. Ilihitaji mikono inayochoka.

Yapo mapito ambayo ningeyafupisha, hasa pale uzito unaporudi mara ya tatu bila jambo jipya. Hata hivyo kuna jaribio lililoonyesha uimara wa kazi ya SubRosa. Mwaka 2017, kwenye tamasha la Roadburn mjini Tilburg, Uholanzi, walipiga onyesho zima bila kishindo cha umeme, nalo likatolewa kama albamu, Subdued. Nyimbo hazikuanguka. Ukiondoa pambo, nyumba hubaki. Hapa fidla ilibaki, kwa sababu ilikuwa ukuta.

Bendi ilivunjika mwaka 2019. Wanne kati yao wakaunda The Otolith na kutoa Folium Limina mwaka 2022. Vernon, kwa jina la The Keening, akatoa Little Bird mwaka 2023. Zote zitafutwe.

Kwa wanaotuandikia nina ombi moja kuanzia toleo lijalo: mnapomtaja mwanamuziki mwanamke, tuambieni kwanza ametunga nini na anapiga nini. Habari ya uzuri wa sauti yake ije baadaye, kama bado ina nafasi.