Mwembe wa Bibi, Ujiji

Mwezi huu niliahidi kuandika juu ya fomu za kuomba msaada wa ada za chuo. Mtanisamehe, fomu zitangoja. Jumanne moja saa nne usiku mjomba alinipigia simu kutoka Ujiji. Kwake ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na nyuma ya sauti yake nilisikia jogoo. Nikatoka na simu kwenye ngazi za nje, watoto wasiamke.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Hamjambo huko? Watoto? Joto?” Salamu ziliendelea kama zinavyoendelea, kisha akakohoa. “Kuna mtu anakitaka kiwanja cha bibi yako. Anataka kujenga nyumba ya wageni. Wenzako wote wamekubali, imebaki sehemu ya marehemu mama yako, yaani wewe. Sikulazimishi.”

Nilimwambia anipe siku tatu.

Nyumba ile niliiona mara moja tu maishani, likizo ya Desemba 1986, nikiwa na miaka tisa. Mama alinichukua kwa treni kutoka Dar es Salaam, safari ya kilomita zaidi ya 1,200 kwenye reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Tulilala njiani usiku wa kwanza, wa pili, na bado hatujafika. Pale Tabora mabehewa yaligawanywa, mengine kwenda Mwanza, na mimi nikalia nikidhani mama yuko kwenye yale yanayoondoka, kumbe ameshuka kununua asali. Uvinza walipanda watu na mifuko ya chumvi. Asubuhi nikaamshwa kuliona ziwa, nikauliza kama ni bahari ya kwetu imetuzungukia mbele.

Ujiji iko kilomita chache kusini mwa Kigoma mjini. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, imepauliwa mabati, ina baraza mbele na mwembe uani. Mji mzima una miembe. Kuna ule maarufu, ambao chini yake Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mti wenyewe ulishakufa, na iliyopo pale kwenye mnara inasemekana ni uzao wake. Mama alitaka kunipeleka kuuona. Bibi alikuwa anachambua dagaa, hakuinua hata kichwa: “Mpeleke. Lakini huo wa Wazungu hauna kitu, embe ziko kwangu.”

Na kweli zilikuwepo. Desemba ni msimu wake. Tulizila asubuhi kabla ya chai, tulizila bichi kwa chumvi na pilipili, hadi midomo ikatoka vipele. Mchana wingu likitanda, ungewaona wanawake wakitoka mbio kwenda ufukweni kuanua dagaa walioanikwa mchangani, na sisi watoto nyuma yao na mabeseni. Chakula kilikuwa migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo. Sikuupenda ugali ule. Leo nautafuta Houston nzima.

Lakini nilichobaki nacho zaidi ni usiku. Zikifika siku za giza, mwezi haupo, wavuvi hutoka na karabai kuwavuta dagaa juu. Ukisimama ufukweni unaona taa mamia kwa mamia, kama kuna mji mwingine ulioota katikati ya ziwa. Mbalamwezi ikirudi wanapumzika, mji unazimika.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kwenye ngazi ile ya Gulfton. Wanaotujua wanafahamu maghorofa yetu. Yalijengwa miaka ya 1960 na 1970 kwa vijana wa Kimarekani waliomiminika Houston kufuata kazi za mafuta, na mengine yalikuwa na mabwawa ya kuogelea na kumbi za dansi. Miaka ya 1980 bei ya mafuta ikaanguka, vijana wakahama, wenye nyumba wakatufungulia wahamiaji. Kwanza walikuja watu wa El Salvador, Guatemala na Mexico, halafu sisi wengine. Hakuna anayekaa Gulfton akidhani amefika mwisho wa safari, na labda ndiyo maana nilitaka kiwanja cha Ujiji kibaki. Nilikwishaanza kutunga jibu la hapana.

Asubuhi nilimweleza jirani yangu wa juu. Ni Mkongomani wa Fizi, amekaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Nikamsimulia na zile taa. Akanyamaza kidogo.

“Dada, taa hizo nazijua. Niliziona nikiwa ndani ya mtumbwi na watoto wawili, tunavuka. Nilidhani ni askari wanatungoja.” Kisha akasema, “Nyumba yetu ya Baraka sijui leo analala nani. Wewe umepigiwa simu unaombwa ruhusa.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakunja nguo, akaendelea kuzikunja. Lakini nilirudi chini nikijiuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu usiku ule: mjomba mwenyewe anataka nini? Ana zaidi ya miaka sabini, na bati linavuja juu ya kitanda chake, si changu.

Nilimpigia Ijumaa, siku ya mwisho niliyoomba. Akaniambia anataka kuhamia kwa binti yake Mwanga, karibu na hospitali, na ajenge chumba chake asiwe mgeni wa mkwe. Nikamwambia auze, na sehemu ya mama iende kwenye chumba hicho.

Wenye shughuli kama hii niwape tahadhari. Mabango ya “notario” yaliyojaa mitaani kwetu yasiwadanganye. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini mtu huyo ni mwanasheria. Hapa Texas kazi yake ni kushuhudia saini yako tu. Hati ya kumpa ndugu mamlaka iandikwe na wakili wa nyumbani, usimlipe mtu wa bango akushauri.

Kabla ya kukata simu nilimwomba mjomba jambo moja: mnunuzi asiukate mwembe, au angalau tupigiwe picha yake kwanza.

“Mwembe gani?”

“Wa uani. Wa bibi.”

“Mwanangu,” akasema, “ule uliangushwa na upepo kabla bibi yako hajafa. Tukapikia mbao zake mwaka mzima. Mama yako hakukuambia?”

Hakuniambia. Kila Desemba alikuwa ananiuliza kama nazikumbuka zile embe.