Mwaka 1900 Ulikuwa na Siku Ngapi?

Wazazi kadhaa wameniuliza swali hili: "Kijana wetu asema anajifunza kuandika programu za kompyuta. Sisi hatuijui kazi hiyo. Twawezaje kujua kama anajifunza kweli, au anachezea mashine tu?" Swali hili ni la haki, maana fedha ya ada haiokotwi njiani. Leo nitajibu upande mmoja tu: jinsi zoezi zuri la programu linavyotungwa na kusahihishwa.

Programu ni maagizo yaliyoandikwa kwa utaratibu, ambayo kompyuta huyafuata neno kwa neno. Haikisii wala haihurumii. Ukiiagiza vibaya itafanya vibaya, tena kwa haraka sana. Basi mwanafunzi ahitaji mazoezi mengi madogo madogo, na kila zoezi liwe na majaribio yake. Jaribio ni hivi: twaipa programu yake swali ambalo jibu lake twalijua tayari, kisha kompyuta yenyewe yalinganisha majibu na kusema "sawa" au "si sawa" papo hapo. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani hawezi kusoma kazi ya kila mmoja kila siku. Na kijana aliye mbali na mwalimu hupata msahihishaji asiyechoka.

Tuchukue mfano mmoja. Zoezi lasema: "Andika programu inayopewa mwaka. Ijibu NDIYO kama mwaka huo ni mrefu, yaani Februari yake ina siku 29. Ijibu HAPANA kama sivyo."

Wengi watasema, "Rahisi! Mwaka ukigawanyika kwa 4 ni mrefu." Ndivyo ilivyokuwa katika kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 kabla ya Kristo. Lakini mwaka wa jua haufikii siku 365 na robo; umepungua kama dakika 11. Dakika 11 ni kitu gani? Kumbe tangu Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 zilikusanyika hata zikawa kama siku 10, na hesabu ya Pasaka ikaharibika. Ndipo Papa Gregori XIII alipotengeneza kalenda mwaka 1582. Baada ya Alhamisi tarehe 4 Oktoba ikafuata Ijumaa tarehe 15 Oktoba. Mtakatifu Teresa wa Avila alifariki usiku uleule, na sikukuu yake twaiadhimisha tarehe 15. Kanuni mpya ikawa hivi: mwaka unaotimiza mia hauwi mrefu, ila ukigawanyika kwa 400. Kwa hiyo mwaka 1900 ulikuwa na siku 365, mwaka 2000 ulikuwa na siku 366, na mwaka 2100 utakuwa na siku 365.

Sasa tazameni hatari. Mtunga zoezi akiweka majaribio ya miaka 2021, 2022, 2023 na 2024 tu, kijana anayejua kugawa kwa 4 peke yake atapata "sawa" mara zote nne. Tena kanuni hiyo fupi haikosei hata mara moja tangu 1901 mpaka 2099. Mtoto ataondoka amefurahi, na kosa litabaki kichwani mwake. Afadhali asingesahihishwa kabisa, maana angalau angekuwa na shaka.

Majaribio mazuri ni haya: 2023 HAPANA, 2024 NDIYO, 1900 HAPANA, 2000 NDIYO. Ni manne tu, lakini kila moja lina kazi yake. La kwanza lamkamata anayejibu NDIYO siku zote. La pili lamkamata anayejibu HAPANA siku zote. La tatu lamkamata anayegawa kwa 4 tu. La nne lamkamata anayedhani mwaka wa mia hauwi mrefu kamwe. Jaribio lisilokamata kosa lolote ni mlinzi aliyelala.

Lakini yuko kijana mjanja. Huyu haandiki kanuni yoyote. Ayaandika majibu yale manne, basi. Apata "sawa" zote! Dawa yake ni kuweka majaribio mengine asiyoyaona, kama vile 1800, 1996 na 2400.

Mtu aweza kusema, "Mambo ya Februari yana hasara gani?" Sikilizeni. Mwaka 1983 ilitoka programu ya hesabu iitwayo Lotus 1-2-3, iliyouhesabu mwaka 1900 kuwa mrefu. Watengenezaji wa Excel walilifuata kosa hilo kwa makusudi, ili mafaili ya wenzao yasomeke kwao. Mpaka leo Excel yahesabu tarehe 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwapo. Tena tarehe 31 Desemba 2008 vyombo vya kuchezea muziki viitwavyo Zune 30 viligoma kwa wingi siku moja. Mwaka ule ulikuwa mrefu, na siku ile ilikuwa ya 366. Maagizo ndani yake yakazunguka pasipo mwisho. Jaribio moja la siku ya mwisho ya mwaka mrefu lingeliona kosa hilo kabla halijatoka kiwandani.

Enyi walimu na vijana mnaotunga mazoezi, yafaa kushika haya. Kwanza, zoezi liwe dogo, lenye jambo moja. Semeni wazi kinachoingia na kinachotoka, pamoja na mfano. Pili, tafuteni majibu ya majaribio kwa mkono, kabla ya kuandika programu yenu. Mkiyachukua kutoka programu yenu, kosa lenu litakuwa ndilo kipimo. Tatu, jaribuni mipakani. Zoezi likiwa la kugawana fedha za chama, shilingi 10,000 kwa watu 3, kila mtu apata 3,333 na yabaki 1. Je, watu wakiwa 1? Wakiwa 0? Hapo programu yapasa ikatae, isianguke. Nne, jibu la kukosa lifundishe. Msiandike "umekosa" tu, andikeni: "Mwaka 1900: ilitakiwa HAPANA, imetoka NDIYO." Tano, andikeni wenyewe programu mbovu mbili tatu, mwone kama majaribio yenu yazikamata.

Vyombo vyake havina gharama kubwa. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, ni bure, na ndani yake mna chombo cha majaribio kiitwacho unittest. Ikiisha kuwekwa katika kompyuta yafanya kazi bila intaneti. Na kompyuta ikikosekana, zoezi lafanyika kwa karatasi: mmoja aandika maagizo, mwenzake ayafuata kama yalivyo, bila kumsaidia.

Nanyi wazazi, si lazima mjue Python. Kijana akisema, "Nimemaliza," mwulizeni maswali matatu: "Umeijaribu kwa nini? Jibu sahihi ulilipata wapi? Ni swali gani laweza kuiangusha?" Akiwa na majibu, anajifunza. Akisema, "Inafanya kazi tu," mrudisheni mezani kwa upole. Hata majaribio yakipita yote, hayaonyeshi kwamba kosa halipo. Yaonyesha kwamba makosa tuliyoyafikiria hayakuonekana. Mtoto anayelijua hilo mapema ataaminiwa kesho na hesabu za ushirika au za zahanati, na watu hawatapunjwa kwa sababu yake.

Kwa leo naishia hapa. Jioni hii mpeni kijana wenu mwaka 2100, mwone atajibu nini.

Karani wenu wa parokia