Mwanakupona: Jina Lisilostahili Kuonewa Haya

Siku ya saba baada ya mtoto kuzaliwa, mbuzi wa akika akiisha kuchinjwa na nywele zikiisha kunyolewa, huulizwa swali lililo jepesi kwa ulimi na zito kwa maana: mtoto ataitwa nani? Katika nyumba nyingi za pwani jibu halitoki tena kwa bibi aliyeketi pembeni na tasbihi yake. Hutoka kwenye simu ya mkononi, katika orodha ya majina mazuri na maana zake, au katika tamthilia ya Kituruki iliyoonyeshwa juzi. Bibi akithubutu kulitaja jina la mamake, Mwanakupona, vijana hutazamana wakacheka. Bibi naye hunyamaza, na jina likanyamaza pamoja naye.

Kicheko hicho kina hoja zake, na haifai kupuuzwa, kwani hurudiwa hata na watu waliosoma. Jina hilo hushtakiwa kwa makosa matatu. La kwanza, kwamba si jina bali ni kitenzi. La pili, kwamba si la Kiislamu. La tatu, kwamba lina mkosi, kwa kuwa anayeitwa Kupona ni kama aliyekwisha kutabiriwa ugonjwa. Mashtaka yote matatu hayana msingi, na anayeyatoa anashuhudia jambo moja tu: kwamba hajui jina hilo lina nini ndani yake.

Na ianzwe na sehemu yake ya mbele. Wengi wa leo wakisikia mwana husikia mtoto, wakasimama hapo hapo. Ndipo wanapolifasiri jina zima kuwa ni mtoto aliyepona, kana kwamba ni lakabu iliyookotwa hospitalini. Lakini Kiswahili cha pwani, hasa cha Lamu, Siyu na Pate, kina mwana mwingine. Huyo ni bibi mwenye heshima, mwenye nyumba na mwenye kauli, mwenza wa neno bwana. Ndiye Mwana Mkisi, ambaye mapokeo ya Mombasa humtaja kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita. Ndiye Mwana Khadija, aliyetawala Pate katika karne ya 18. Ndiye Mwana Darini, ambaye Habari za Pate zinasimulia kuwa aliponyimwa siwa ya ufalme kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, aliamuru ichongwe nyingine. Hakuna aliyediriki kuwaita wanawake hao watoto. Mwana mbele ya jina la mwanamke wa pwani ni taji, si umri.

Sehemu ya pili, kupona, ni neno la Kibantu lenye mizizi mirefu. Washona wa Zimbabwe nao hulisema vivyo hivyo, kupona, kwa maana ya kunusurika na kubaki hai. Kwa sauti na kwa maana linakaribiana na poa: chungu kikiepuliwa hupoa, homa ikitoka mtu hupona. Wala Mswahili hakulifungia neno hili kitandani kwa mgonjwa. Baharia aliyefika bandarini baada ya dhoruba amepona. Aliyetoka vitani na roho yake amepona. Na Muislamu akiinua mikono huomba apone na adhabu ya kaburi na moto wa akhera. Kwa hiyo Mwana Kupona si mtoto aliyetoka wodini. Ni Bibi Uzima, Bibi Nusura, Bibi Salama. Ni neno moja lenye dunia na akhera ndani yake.

Wanaosema kuwa kitenzi hakiwezi kuwa jina hawakuyachunguza hata majina wanayoyapenda. Yahya, kwa yeyote ajuaye Kiarabu kidogo, ana umbo la kitenzi: anaishi. Yazid naye ni kitenzi: anazidi. Hakuna sheikh aliyewahi kumgeuza Yahya jina kwa sababu ya sarufi. Tena Kiswahili chenyewe kimekwisha kulimaliza shauri hili, kwani kupona, kama kusoma na kuswali, husimama mahali pa jina na kuchukua vivumishi vyake: kupona kwake, kupona kwema. Anayelikataa kwa hoja ya sarufi ameikataa sarufi ya mamake ili aitii nusu ya sarufi ya jirani.

Shtaka la pili ni zito zaidi kwa sababu limevaa joho la dini. Lakini dini yenyewe hailiungi mkono. Mtume alibadilisha majina ya baadhi ya masahaba yaliyokuwa na maana mbaya, kama Aasiya, yaani muasi, aliyemwita Jamila. Yaliyokuwa na maana njema aliyaacha, ingawa yalikuwapo kabla ya Uislamu. Kipimo kilikuwa maana, si lugha. Na ikiwa kipimo ni maana, mtu na amtazame Shifaa binti Abdullah, mwanamke wa Makka aliyehamia Madina na aliyemfundisha kuandika Hafsa, mke wa Mtume. Shifaa ni nini kwa Kiswahili? Ni poza, ni uponyaji. Aisha ni nini? Ni mwenye kuishi. Najat ni nini? Ni kuokoka. Wazazi wanaoona fahari kumwita binti yao Najat, kisha wakaona haya kumwita Mwanakupona, hawakuchagua baina ya Uislamu na ujahilia. Wamechagua baina ya lugha mbili, na wameionea haya ile iliyowanyonyesha.

Shtaka la tatu ni la mkosi, na hapa ndipo watu wa pwani wanapojisahau kabisa. Mila ya majina ya Waswahili ni mila ya kinga na dua. Unguja na Pemba wamo watu walioitwa Mtumwa au Kijakazi na wazazi walio huru, aghalabu ili kijicho kimwone mtoto ni duni na kimpite. Wamo kina Mashaka na Tabu, waliobeba katika majina yao kumbukumbu ya siku ngumu ili siku hiyo isirudi. Kupona halijifichi kwa unyonge kama Mtumwa, wala halikumbushi dhiki kama Tabu. Linasema tamati ya dhiki. Na anayehofia kuwa jina la namna hii humfungamanisha mtoto na udhaifu, na akumbuke asili ya jina Khadija. Wanaisimu wa Kiarabu hulirejesha kwenye neno la mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake kutimia. Jina la mama wa waumini, basi, lina ndani yake mtoto njiti aliyebaki hai. Khadija na Kupona ni ndugu, na pwani nzima inampenda mmoja na kumcheka mwingine.

Ubaya wa kicheko hicho huonekana zaidi akikumbukwa aliyelipa jina hili umaarufu. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu aliyekataa kuinamia utawala wa Sayyid Said. Katika mwaka wa 1858 au karibu yake, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa beti zaidi ya mia moja, ambao hadi leo ni miongoni mwa nguzo za ushairi wa Kiswahili. Utendi wenyewe unaeleza hali aliyoutungia: alikuwa mgonjwa, na ugonjwa ulikuwa umemkamata kwa muda wa mwaka. Miaka michache baadaye, yapata 1860, akafariki.

Mwenye mkosi wake atarukia hapo: si aliitwa Kupona, naye hakupona? Huko ni kusoma kwa mtu asiyefika mwisho wa utendi. Mwanamke yule, akijua kuwa mwili wake huenda usipone, alimwita binti yake karibu, akamuagiza alete wino na karatasi, akamwachia yale anayotaka yabaki. Kisha akayafungua maneno yake yakawa dua, akamwomba Mungu kwa ajili yake na kwa ajili ya aliowapenda. Mwili haukupona, lakini maneno yamepona. Yamevuka bahari, vita vya Siyu, ukoloni, na wino uliofifia kwenye miswada. Jina lake halikumdanganya.

Ni jambo la kusikitisha kwamba hata waliouenzi utendi huo hawakulifikiria jina. Alice Werner na William Hichens walipouchapa mwaka 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, waliupa kichwa kinachousema kuwa ni nasaha juu ya wajibu wa mke. Kichwa hicho si cha mtunzi. Tangu hapo wasomaji wamegombana kwa miaka mingi kama bibi huyu alimfundisha bintiye utii au hekima ya kuishi na wanaume, na mgogoro huo una haki yake. Lakini anayeuingia utendi kwa mlango wa wajibu wa mke hutoka na nusu yake tu. Anayeingia kwa mlango wa jina, kupona, huona nasaha na dua ni kitu kimoja: mama anamfundisha mwanawe njia ya kunusurika, hapa duniani na kesho kwa Mola.

Na atazamwe pia bintiye. Mama ni Kupona, jina la Kibantu. Mtoto ni Hashima, jina la ukoo wa Mtume. Juu ya wote wawili lipo taji moja, Mwana. Katika nyumba ile ya Siyu mizizi miwili ilikaa mkeka mmoja bila ugomvi. Ugomvi ni wa leo.

Ipo hoja ya nne, ambayo wachekaji hawaitaji kwa sababu hawaijui, nayo ndiyo pekee yenye uzito. Taji la Mwana lilikuwa la waungwana. Mjakazi aliyetwanga na kuteka maji katika majumba yale ya mawe alimwita bibi yake mwana. Yeye mwenyewe hakuitwa hivyo. Hilo ni kweli na halifai kufunikwa. Lakini utumwa ulipopigwa marufuku kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, mipaka ya zamani ilianza kubomoka, na leo Mwanajuma, Mwanahamisi na Mwanahawa ni mabinti wa kila nyumba, ya mawe na ya makuti. Taji lililokuwa la wachache limekuwa la wote. Kulitupa sasa, baada ya kila binti kulipata, si kulipa deni la waliodhulumiwa. Ni kuwanyang'anya wajukuu wao kile ambacho nyanya zao walinyimwa.

Mbona basi Mwanajuma ni wengi na Mwanakupona hupatikana kwa nadra? Jibu halimo katika uzuri wala ubaya. Mwanajuma hutolewa na kalenda. Ijumaa huja kila wiki, na Idi huja kila mwaka kumleta Mwanaidi. Mwanakupona halina siku yake. Huja kwa njia mbili tu: kwa tukio, mama au mtoto aliponusurika, au kwa somo, yaani mtoto kupewa jina la bibi yake. Kalenda haisahau, lakini familia husahau. Somo mmoja akikosa kurithiwa, mnyororo umekatika. Hata pale ulipobaki, karani wa uandikishaji huumalizia kazi: hulikata Mwana akaliacha nje, au hulitenga likawa jina la kwanza na Kupona likawa la pili, hata ikaonekana katika kitambulisho kwamba Kupona ndiye baba.

Wakati pwani inafanya hivi, ng'ambo watu wanaokota. Tangu Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko Marekani mwaka 1966, Wamarekani weusi wengi wamewaita mabinti zao Imani na Nia, wakijivunia kuwa ni majina ya Kiswahili. Na wana haki, ingawa maneno yote mawili asili yake ni Kiarabu. Mtu aliyeporwa lugha ya mababu zake anajua kuwa jina ni la waliolitia maisha, si la kamusi pekee. Mwenye lugha yake mkononi ndiye asiyejua.

Hakuna anayedai kuwa kila binti wa pwani aitwe Mwanakupona. Jina halilazimishwi. Linalodaiwa ni dogo: siku ya akika, kabla ya simu kufunguliwa, bibi aulizwe mamake aliitwa nani na kwa nini. Mwalimu anayefundisha utendi ule aanze na jina la mtunzi kabla ya vina na mizani. Karani aandike kama alivyoambiwa. Na bibi akilitaja jina la mamake, asiwepo wa kucheka. Aulizwe ni nani aliyepona siku ile, na alipona na nini. Ndani ya jibu lake huenda ikawamo sababu ya wote waliokaa chumbani kuwepo duniani.