Mtoro wa Witu avae kofia au asivae?

Juzi niliposti picha ya vijisanamu vyangu vipya, nikalala. Kuamka, komenti zimejaa kama Amu wakati wa Maulidi, na karibu zote zinagombania kitu kimoja: kofia. Kofia yenyewe ni ndogo kuliko punje ya wali, maana askari mzima kwangu ana urefu wa milimita 28.

Kwa wageni: mimi napaka rangi askari wadogo wa vita vya zamani. Niliacha chuo mwaka wa pili (ada, stori ndefu, si ya leo), nikarudi nyumbani, na hii ndiyo kazi inayonikalisha macho hadi saa nane za usiku. Sasa hivi niko kwenye vita vya Witu, Oktoba 1890. Ndiyo, Witu hiyo hiyo unayoipita na basi ukitoka Mokowe kwenda Malindi, huku umelala mdomo wazi.

Kwa ufupi tu. Witu ilikuwa na sultani wake, wa ukoo wa Wanabahani waliotoka Pate, na ilikuwa chini ya ulinzi wa Mjerumani. Julai 1890 Mjerumani akasaini mkataba huko Ulaya, akamwachia Mwingereza. Septemba Wajerumani kadhaa wakauawa Witu, wakati sultani ni Fumo Bakari. Mwezi uliofuata Admirali Fremantle akateremsha wanamaji Kipini, wakapanda mpaka Witu, wakauchoma mji.

Kuwapaka rangi Waingereza ni rahisi mpaka inaudhi. Kola ya mwanamaji ni ya buluu, mistari mitatu myeupe. Waliopigana walipewa nishani, utepe wake wa njano na mweusi, na juu yake kuna kipande cha fedha kimeandikwa "Witu 1890". Mtu yuko zake Uingereza, hajawahi kuona hata mnazi, lakini anaweza kukuambia rangi ya utepe uliotolewa kwa kuchoma mji ulio kwenye kaunti yangu.

Ukija upande wa Witu, ushauri ninaopewa ni huu: "Hao hawakuwa na yunifomu bro, paka rangi ya udongo tu umalize." Hapo ndipo tunapokosana. Kutokuwa na sare si kuvaa matambara. Watu wa pwani ya wakati ule walikuwa wanajua nguo kuliko sisi tunaovaa jezi za mitumba. Kulikuwa na merekani, kitambaa kile kizito kisichopaushwa, kilichopewa jina hilo kwa sababu kilikuwa kinakuja kwa meli kutoka Marekani. Kulikuwa na kaniki yenye rangi ya nili. Kulikuwa na vikoi, na kwa wenye uwezo majoho na majambia. Ni vile picha za zamani hazina rangi, basi tunadhani babu zetu waliishi ndani ya vumbi. Merekani mpya haina rangi ya udongo. Inakaribia rangi ya tui la nazi, na mimi naichanganya hivyo hivyo: nyeupe, tone la njano, na kahawia kidogo sana.

Sasa kofia. Wengi waliokimbilia Witu walikuwa watoro, watu waliotoroka utumwa kwenye mashamba ya pwani. Na desturi ya pwani ilikuwa mtumwa asivae kofia wala viatu mbele ya waungwana. Nilisoma hilo, nikajiona msomi, nikawapaka watoro wangu wote vichwa wazi.

Kuna mzee jirani yetu anashona kofia. Nikampelekea nimuonyeshe, nikitarajia sifa. Akakiinua kimoja karibu na jicho. "Huyu mbona kitwa kitupu?" Nikamweleza: huyu ni mtoro, Babu, watumwa hawakuvaa kofia. Akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa maji. "Kutoroka katoroka, na kofia asivae? Sasa katoroka nini?"

Wallahi nilirudi nyumbani kimya.

Maana ana haki. Ile sheria ilikuwa ya shambani, mbele ya bwana. Witu bwana hayuko. Ukimpaka mtu yule kichwa wazi, na bunduki mkononi, umemrudishia utumwa wake miaka mia na thelathini baadaye kwa brashi namba sifuri. Kwa hiyo nimewapa kofia, si wote lakini wengi: kumi na tano kati ya ishirini na wanne. Wengine nimewaacha vilevile, kwa sababu mtu aliyefika jana usiku kupitia msituni hajapata hata nguo ya kubadilisha. Viatu sikumpa yeyote kati yao.

Wanaosema "kitabu kinasema vichwa wazi", nimewajibu. Wanaosema ni midoli tu, sawa, pita. Ila kuna komenti moja imenikaa. Mtu wa hapa hapa Amu ameandika: mbona unafukua mambo ya wazee? Anajua anachokisema. Mashamba yale ya bara yalikuwa na wenyewe, na wengi wao walikuwa watu wa visiwa hivi. Mjukuu wa mwenye shamba na mjukuu wa mtoro leo wanapanda boti moja kwenda Mokowe, na hakuna anayeuliza. Mimi mwenyewe nilipomuuliza bibi yangu sisi ni wa upande gani, aliniambia nikamtolee nguo kwenye kamba, mvua inakuja. Haikunyesha.

Kwa hiyo ndugu yangu, sifuti posti. Ukitaka, njoo ukae hapa mezani uchague mwenyewe nani avae.

Mzee naye ameona kofia nilizopaka. Amesema mishono yangu ni ya juzi, hawakushona hivyo zamani. Anakuja leo baada ya alasiri kunionyesha, na nimemnunulia miwani ya kukuzia.