Msiifufue ardhi isiyokufa

Kila msimu wa kupanda miti unapofika, viongozi, walimu na waandishi wenzangu huturudishia imani ileile: ardhi isiyo na miti imekufa, ipandwe miche ifufuke. Imani hii ni potofu, na madhara yake tunayaona.

Nendeni Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kati ya Desemba na Aprili. Ni uwanda wa nyasi ulio kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Una aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Mwaka 2005 ukawa Hifadhi ya Taifa kwa ajili ya maua yake, katika nchi iliyozoea kuhesabu simba na tembo! Mimea hiyo huficha uhai wake chini, kwenye viazi na mizizi, baridi na moto vipite. Inachotaka ni jua. Mbayuwayu wa buluu naye hutaga kwenye mashimo ya ardhini, mengine yakiwa yamechimbwa na mhanga, na huwinda wadudu akiambaa juu ya nyasi. Ukimpandia msitu umemfukuza.

Waliochimba viazi vya okidi na kuvipeleka Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda tuliwaita waharibifu, na tulisema kweli. Anayefunika okidi hizohizo kwa kivuli cha misindano tunampigia makofi.

Najua nitajibiwa kwamba miti huleta maji. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, watafiti walipanda milingoti kwenye bonde la nyasi mwaka 1969. Katika mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Bonde la jirani, lililopandwa misindano, lilikauka mwaka wa 12. Hata milingoti ilipokatwa, maji yalichukua miaka mitano kurejea. Vijito vya Kitulo huingia Mto Ruaha Mkuu, unaopita Usangu. Mkulima wa mpunga wa Usangu ajue nani anacheza na maji yake.

Simlaumu mzazi wa Makete anayesomesha watoto kwa mbao za shambani kwake. Na mteremko uliofyekwa msitu urudishiwe miti yake ya asili, hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Nyasi za asili ni jambo jingine.

Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Itapandwa wapi? Uwanda wa Kinangop una ndege mdogo wa kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana nje ya Kenya. Anaishi kwenye nyasi fupi tu, na nyingi ziko kwenye ardhi ya watu binafsi, zikimegwa kwa jembe na kwa miti ya kupandwa.

Serikali zote mbili zichore ramani za nyasi hizi kabla gari la miche halijapanda mlimani, na kupanda miti humo kupigwe marufuku kisheria, kama ilivyo kukata miti kwenye msitu wa hifadhi.