Usiniite Kadogo

Nikiwa darasa la tatu hapa Kipsing, nusu ya kijiji iliniita Kadogo. Kadogo, kimbia dukani. Kadogo, rudisha mbuzi. Kadogo, lete maji. Mtungi ulikuwa wa lita 20, ule wa manjano, na tuliujaza kwa kikombe kutoka kisima cha mchanga kwenye laga. Hakuna hata siku moja mtu aliuita kamtungi.

Najua mtasema: wacha kelele, hilo ni jina la mapenzi tu. Sawa. Hata Wajerumani husema hivyo. Kwao jina la mtoto huwekewa mkia, -chen, -lein au -el: Hans anakuwa Hänschen au Hänsel, Margarete anakuwa Gretel. Nilisoma Kijerumani kidogo kabla sijaacha chuo, na jambo moja halijanitoka. Neno likipata -chen, kisarufi si la kike tena wala la kiume. Mädchen ni msichana, lakini sarufi inamweka kundi moja na nyumba na kitabu.

Sisi je? Mtoto analia. Katoto kanalia. Silabi moja tu, na mtu ametolewa ngeli ya A-WA akatupwa KA-TU, pamoja na kakiti na kasufuria. Halafu tunashangaa akitumwa kama kitu.

Kongo waliliona hili. Mwaka 1996 na 1997, watoto walibeba bunduki pamoja na jeshi la Laurent-Désiré Kabila mpaka Kinshasa. Waliitwa kadogo. Jina lilikuwa tamu, na risasi zilikuwa za kweli.

Na hao Hänsel na Gretel, katika ile hadithi ya ndugu Grimm ya mwaka 1812, majina yao matamu hayakuwasaidia. Njaa ilipoingia, wazazi waliwaacha msituni. Sisi wa huku tunaijua njaa. Mvua ikikosekana, mtoto ndiye anayefunga daftari afuate mifugo, na ni rahisi kumfungia daftari mtu ambaye hata jina lake ni kadogo.

Juzi mtoto wa dada yangu, miaka saba, alikuwa anapiga hesabu zake chini ya mti. "Kadogo, mbuzi hao!" Akainuka. Nikamuuliza dada, mbona hivyo? Akacheka: "Ah, ndugu yangu, si ni kumdekeza tu."

Basi mdekezeni akiwa mapajani. Mkimbembeleza alale, mwiteni katoto, kapenzi, chochote. Lakini siku ya kumbebesha mtungi, mwiteni kwa jina mlilompa alipozaliwa, lote, kama mnavyomwita mtu mzima. Kama kwa jina hilo mtaona haya kumtuma, basi shida haikuwa jina. Ilikuwa mtungi.