Buti la Kununua na Koti la Kukodi

Nilipokuwa nikiteremka mlima wa Kolo, kaskazini ya Kondoa, baada ya kuitazama michoro ile ya miambani iliyotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, soli ya buti langu la kulia, buti nililolinunua jipya kwa bei ambayo niliona haya kuitaja nyumbani, ilibanduka tangu kisigino mpaka vidoleni ikawa inapiga makofi kila nikikanyaga. Kijana mchungaji tuliyefuatana naye, aliyevaa katambuga za tairi zisizojali mbigili, aliinama, akatoa mfukoni ukanda wa mpira wa baiskeli, akaizungushia soli mara tatu, akasema kwa adabu, "Pole mzee wangu, buti hili limekuzidi umri."

Hakukosea. Lilikuwa limekaa kabatini Dar es Salaam miaka saba bila ya kuvaliwa, na lile tabaka la sifongo ngumu lililo kati ya soli na ngozi huoza kwa unyevu wa pwani hata kama mguu haujaingia. Kwa sababu hiyo, anayetafuta buti katika mitumba ya Dodoma, ambako kwa rai yangu thamani ya fedha hupatikana kuliko katika maduka mengi ya vioo, asihadaike na ngozi iliyopakwa rangi ikang'aa. Alibonyeze tabaka hilo kwa ukucha wa dole gumba, na likimomonyoka kama udongo wa kichuguu, amrudishie mchuuzi bila ya kuuliza bei. Soli iliyoshonwa ni aula kuliko iliyogandishwa kwa gundi peke yake, maana fundi aketiye chini ya mti ataweza kuirudia. Tena na alijaribu jioni, miguu ikiwa imetanuka kwa mwendo wa mchana, na soksi nene amezivaa. Atakayelijaribu asubuhi atalipa tofauti hiyo kwa malengelenge.

Mavazi hayana mashaka mengi. Katika uwanda wetu huu wa Dodoma adui ni jua, upepo na miiba, na shati la pamba la mikono mirefu humtosha mtu. Lakini pamba hiyo hiyo, ikipelekwa Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, ambako usiku wa kukiendea kilele maji hugandia chupani, hunywa jasho ikakaa nalo mwilini kama kanga iliyotoka kisimani. Sufu hutunza joto ijapokuwa imelowa, na sweta la sufu ndilo wachuuzi wetu hulizika chini ya rundo, kwa kuwa Dodoma, ukitoa Juni na Julai, nani atalitaka?

Israfu iliyo kubwa ni koti zito la kileleni, ambalo mtu hulinunua kwa ajili ya usiku mmoja wa umri wake, hali Moshi na Arusha makoti hayo hukodishwa kwa siku. Buti la kukodi, kinyume chake, limekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine.

Mpwa wangu, apandaye Kilimanjaro mwezi ujao, aliniletea hesabu yake, na koti ndilo lililokuwa juu. Nililifuta, nikaandika mahali pake buti na jozi mbili za soksi za sufu. Amenuna, lakini kila jioni namwona akizunguka Area C hapa Dodoma amevaa buti lake, akilizoesha mguu.